Shule zimefungwa, mgahawa uko wazi: tuifumbue ile Novemba ya New York

Jumatano ya tarehe 18 Novemba 2020, wakati wa korona, mida ya saa saba na kitu mchana, dada mmoja wa kwetu niliyekuwa nakaa naye jengo moja kule Brooklyn alinipigia simu akiwa na swali moja tu. "Kaka, eti kesho shule ipo au haipo?" Nikamwambia dada yangu, mimi na wewe tuko gizani pamoja. Meya alitakiwa aongee na waandishi saa nne asubuhi, saa nne ikapita, ikaja saa tano, saa sita, kimya. Halafu ghafla akatokea gavana laivu kwenye mkutano wake mwenyewe, mwandishi akamuuliza hilohilo la dada, kesho watoto wanaenda shule au hawaendi, wazazi wamechanganyikiwa, gavana akaja juu kwelikweli na kumwambia mwandishi aliyechanganyikiwa ni yeye. Na wakati gavana bado yuko hewani, barua pepe ya mkuu wa shule za jiji ikawa inawafikia walimu wakuu: kuanzia kesho Alhamisi madarasa yote yanafungwa, watoto wasomee nyumbani.

Yaani mzazi alipewa taarifa ya chini ya siku moja. Yule dada alikuwa na watoto wawili, mdogo darasa la pili na mkubwa sekondari, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, zamu ya kesho yake inaanza saa moja asubuhi. Kazi ya kumwogesha bibi wa watu huwezi kuifanya kwa laptopu.

Sasa ukishuka chini ya jengo letu, kona ileile, palikuwa na mgahawa. Nje wamejenga kibanda cha mbao juu ya barabara pale magari yalipokuwa yanapaki, wameweka hita za umeme, na ndani taa zinawaka, watu wanakula. Wachache ndio, lakini wanakula. Ndipo swali ambalo jiji zima lilikuwa linajiuliza likatoka: inakuwaje mtu mzima anaruhusiwa kuvua barakoa ndani ya chumba anywe supu, na mtoto wa miaka saba haruhusiwi kukaa darasani akiwa na barakoa yake usoni?

Watu wengi walijibu kwa mkato, kwamba wanasiasa ni wapuuzi. Inaburudisha kusema hivyo, na sikatai kabisa, lakini jibu lenyewe lina nyuzi tatu zilizosokotana na ukivuta mmoja peke yake unazidi kukaza fundo.

Tuanze na nani ni bosi wa nini. New York kuna jiji na kuna jimbo, na kila mmoja ana mkubwa wake. Jiji lilikuwa na meya Bill de Blasio, jimbo lilikuwa na gavana Andrew Cuomo, na hawa wawili walikuwa chama kimoja lakini hawaivi chungu kimoja, mtaani kila mtu alijua. Shule za umma za jiji tangu 2002 ziko mikononi mwa meya, yeye ndiye anayemteua mkuu wa shule, na ni mfumo mkubwa kuliko wote Marekani, wakati ule wanafunzi kama milioni 1.1. Migahawa, baa na jimu ni habari nyingine. Leseni ya pombe inatoka jimboni, na tangu Machi 2020 bunge la jimbo lilimpa gavana nguvu za ziada za dharura, kwa hiyo amri za nani afungue na nani afunge zilikuwa zinatoka kwenye kalamu yake. Meya akitaka kufunga kula ndani ya migahawa, inabidi amsubiri gavana.

Kwa hiyo lile swali la supu na mtoto lilikuwa linamlenga mtu mmoja ambaye hayupo. Hakuna aliyekaa mezani akaweka mgahawa upande huu na shule upande ule akachagua. Mmoja alikuwa na swichi ya shule, mwingine ana swichi ya migahawa, na simu baina yao ilikuwa haipokelewi vizuri, tuseme hivyo.

Hili lilionekana mapema, Oktoba. Tarehe 4 meya alitoka akasema kuna mitaa ya Brooklyn na Queens maambukizi yanapanda, anaomba kufunga shule na biashara kwenye maeneo tisa yaliyopangwa kwa zile namba za posta. Ona neno hilo, anaomba. Kesho yake gavana akasema namba za posta si kipimo kizuri, akafunga shule za maeneo hayo siku moja kabla ya ile ya meya, na tarehe 6 akaja na ramani yake mwenyewe ya rangi tatu. Nyekundu, biashara zisizo za lazima zinafungwa, mgahawa ni wa kununua na kuondoka tu, shule zimefungwa. Rangi ya chungwa, unakula nje tu, jimu zimefungwa na shule zimefungwa. Njano, unaweza kula ndani lakini meza moja mwisho watu wanne, shule wazi ila kila wiki wapime baadhi ya watu. Mipaka ikawa inakatiza katikati ya mitaa, upande huu wa barabara viti vimegeuzwa juu ya meza, ng'ambo mhudumu anauliza utakunywa nini, hadi ikabidi jiji liweke ukurasa wa kuandika anwani yako ujue umelala rangi gani. Nyumba za ibada nazo zikapewa kikomo, nyekundu watu 10, chungwa watu 25, ukumbi uwe mkubwa vipi. Wayahudi wa Borough Park, mtaa mmoja wa Brooklyn, wakaingia barabarani usiku, barakoa zikachomwa moto, na dayosisi ya Kikatoliki ya Brooklyn ikaenda mahakamani. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu, ambayo usiku wa tarehe 25 Novemba ilisimamisha vikomo hivyo kwa kura 5 kwa 4, wakati maeneo yenyewe yalishatolewa kwenye rangi hizo. Hayo ni makala nyingine, naiacha.

Uzi wa pili ni ile namba. Tatu. Asilimia 3.

Vuli ile (nasema vuli kwa maana ya majani kupukutika, mvua za kwetu usiziwaze) watu wa New York walikuwa wanaamka wanaangalia namba moja kama wakulima wanavyoangalia mawingu. Namba hiyo ni hivi: chukua vipimo vyote vya korona vilivyofanyika, angalia vingapi vimerudi na virusi, ukipiga mia moja ukapata vitatu basi ni asilimia 3. Halafu usichukue ya siku moja maana Jumapili watu hawapimi sana, Jumatatu wanajazana, namba inarukaruka tu, chukua wastani wa siku saba. Hadi hapo ni rahisi.

Ugumu ni kwamba namba hii inategemea pia nani kajitokeza kupima. Wakija watu wengi wazima wa afya, wanaopima ili tu wakale sikukuu kwa shangazi, asilimia inashuka hata kama wagonjwa ni walewale. Wakija wanaokohoa tu, inapanda. Kwa hiyo ni kama moshi, unakwambia kuna moto lakini haukwambii unaungua chumba gani. Kuonyesha hali ya jiji zima ni nzuri, kuonyesha hali ya darasa la pili B si nzuri hata kidogo.

Na kuna kichekesho zaidi, kwamba ile namba zilikuwa mbili. Siku hiyo ya tarehe 18 jiji lilisema wastani umefika asilimia 3. Siku hiyohiyo jimbo lilikuwa linasema jiji hilohilo liko kwenye 2.5. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Jiji lilikuwa linakihesabu kipimo kwenye siku mtu alipochukuliwa sampuli puani, jimbo linakihesabu siku majibu yalipotoka. Umepima Jumatatu, majibu yamekuja Alhamisi: kwa meya wewe ni wa Jumatatu, kwa gavana ni wa Alhamisi. Ugonjwa ukiwa umetulia tofauti huioni, ila ukiwa unapanda kwa kasi kila mmoja anaona picha ya siku tofauti, na picha zinaachana. Sasa fikiria shule za watoto milioni zinafunguliwa au kufungwa kwa hiyo nusu asilimia. Meya akishika namba ya gavana, kesho watoto wako darasani. Kwa sheria za jimbo wala hakulazimika kufunga chochote, jimbo liliweka shule zifungwe eneo likifika asilimia 9.

Basi kwa nini meya alijifunga kwenye 3 wakati mwenzake anasema 9? Hapa ndipo uzi wa tatu ulipo, na kwangu mimi huu ndio mzito kuliko yote.

Rudi nyuma hadi Machi na Aprili. New York ilikuwa ndiyo kaburi la dunia wakati ule, siku nyingine mamia ya watu wanakufa, malori ya barafu ya kuhifadhi maiti yamepaki nyuma ya hospitali, king'ora usiku kucha. Shule zilifungwa tarehe 16 Machi, na walimu wengi waliamini kwamba zilichelewa kufungwa. Zaidi ya wafanyakazi 70 wa idara ya elimu ya jiji walikufa na korona msimu ule. Kwa hiyo Julai meya aliposema Septemba tunafungua madarasa, miji mikubwa mingine mingi ikiwa inaogopa, walimu walimwangalia kama mtu anayekualika tena nyumba iliyokuungulia. Majengo ya zamani, madirisha hayafunguki, feni mbovu.

Meya akahitaji kitu cha kuwapa ili wamwamini. Mwishoni mwa Julai akatoa ahadi, hatufungui mpaka jiji liwe chini ya asilimia 3, na likifika 3 tunafunga papo hapo, hakuna maneno. Ilikuwa kali makusudi. Wakati huo jiji lilikuwa kama asilimia 1, kwa hiyo 3 ilionekana iko mbali huko, kama deni la mwakani. Hata hivyo chama cha walimu kikatishia mgomo, ingawa sheria ya jimbo inawakataza watumishi wa umma kugoma, na tarehe 1 Septemba wakafikia makubaliano: ufunguzi usogee kutoka tarehe 10 hadi 21. Tarehe 17, siku nne tu kabla, ukasogezwa tena, watoto wadogo kabisa na wenye mahitaji maalumu waanze 21, shule za msingi 29, sekondari Oktoba 1. Walimu wenyewe hawakutosha, maana mtoto anaenda siku moja hadi tatu kwa wiki na siku nyingine anasomea nyumbani, kwa hiyo unahitaji mwalimu wa darasani na mwalimu wa kwenye skrini.

Mimi nakumbuka yule dada alivyobandika ratiba kwenye friji, ya mdogo kwa kalamu nyekundu, ya mkubwa kwa bluu, na zamu zake yeye kwa penseli kwa sababu alijua zitafutwa. Kila meseji ikija kutoka shule anachukua ufutio.

Sasa shule zikafunguka, na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea kikatokea, hazikulipuka. Jiji lilikuwa linapima kila mwezi walimu na wanafunzi kwa kubahatisha katika kila shule, na waliokutwa na virusi walikuwa karibu asilimia 0.2 tu. Nje ya geti ni 3, ndani ya geti ni 0.2. Kwa maneno mengine, kufikia Novemba darasa lilikuwa moja ya sehemu salama zaidi za kukaa mjini. Ulaya walishasoma hiyo hesabu, Ujerumani kuanzia tarehe 2 Novemba walifunga migahawa na baa wakaacha shule wazi, Ufaransa na Uingereza nao wakaingia lokidauni ya pili shule zikiwa wazi. New York ikafanya kinyume.

Wataalamu wakamwambia meya abadilishe ile namba. Wazazi wakaandamana nje ya ofisi za jiji. Lakini ahadi ilikuwa imeshatoka mdomoni, na hapa naomba nimtetee kidogo ingawa simpendi sana: angeibadilisha siku ileile ilipomgusa, mwalimu aliyeingia darasani Septemba kwa kuamini ahadi ile angesema nini? Chama cha walimu kilisimama palepale, tulikubaliana 3, imefika 3. Kosa kwa maoni yangu halikuwa kutimiza ahadi. Kosa lilikuwa Oktoba, pale takwimu za shule zilipoanza kuonekana nzuri na namba ya jiji bado iko chini, ndiyo ilikuwa saa ya kukaa na walimu na kuandika upya, kabla mtu hajashikwa shati. Walikaa kimya wakitumaini haitafika. Ijumaa tarehe 13 meya akawaonya wazazi kwamba Jumatatu huenda shule zikafungwa, Jumatatu haikufika, Jumanne haikufika, Jumatano ikafika.

Na migahawa je? Gavana alikuwa ameiruhusu kulisha watu ndani kuanzia Septemba 30, robo tu ya viti, unapimwa joto mlangoni, mtu mmoja wa kila meza anaacha namba ya simu ili atafutwe ikibidi. Kisha akaongeza kwamba kuanzia Novemba 13 baa, migahawa na jimu zifunge saa nne usiku, na nyumbani kwako msizidi watu 10, jambo ambalo watu walilicheka sana wakisema kumbe virusi vinatoka kazini saa nne. Kufunga kabisa aliogopa, na si uoga wa bure. Bunge la taifa kule Washington lilikuwa limekwama, msaada wa pili kwa biashara na wasio na kazi haukupita mpaka mwisho wa Desemba, kwa hiyo ukimfunga mwenye mgahawa Novemba unamfunga bila hata senti ya kumfidia. Vile vibanda vya barabarani viliokoa wengi, mpango ulianza Juni, zaidi ya migahawa 10,000 ikajiunga, na Septemba meya akasema uwe wa kudumu. Ila baridi ya Novemba haina huruma, nimewahi kula kwenye kibanda kimoja nikiwa na koti, kofia, glavu moja mkononi na nyingine mfukoni, supu imepoa kabla sijafika nusu bakuli. Hakuna mtu anayelipia mateso yale mara ya pili.

Ukivuta nyuzi zote tatu sasa unaona fundo lenyewe. Shule zilikuwa na mlango ambao ufunguo wake ni namba ya chini, iliyowekwa kwa ajili ya hofu ya Machi, na aliyeishika ni meya aliyeapa. Migahawa ilikuwa na mlango ambao ufunguo wake ni namba ya juu, na hesabu tofauti, na aliyeushika ni gavana ambaye hana pesa ya kuwafidia. Virusi vilipanda ngazi, vikakuta mlango wa watoto ndio wa kwanza.

Kilichouma ni nani alibeba mzigo. Watoto waliokuwa wanaenda darasani walikuwa kama 300,000, wengi waliobaki wazazi walikuwa wameshachagua onlaini mwaka mzima. Kwenye jiji hilo kulikuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000 wasio na makazi ya kudumu, wengine walikuwa wanalala kwenye vituo vya jiji ambavyo intaneti hakukuwa nayo au ilikuwa inakatika, hadi watu wakaenda mahakamani kudai mtandao wawekwe. Mtoto wa pale ukimwambia kesho soma kwa skrini umemwambia kesho usisome. Huku taarifa ya habari ya jioni wiki hiyohiyo inaonyesha bundi mdogo aliyekutwa amejibana kwenye ule mti mkubwa wa Krismasi unaowekwa Rockefeller, katikati ya jiji, kasafiri kwenye lori bila mtu kujua, nchi nzima inamwonea huruma. Na mimi nilimwonea, sisemi uongo.

Haikuchukua hata wiki mbili meya akageuka. Jumapili Novemba 29 akatangaza ile asilimia 3 imetupwa, shule za msingi zinarudi Desemba 7, vipimo vitakuwa kila wiki na mzazi asiyesaini fomu ya kupima mtoto wake abaki naye nyumbani. Namba ya jiji wakati zinafunguliwa ilikuwa juu kuliko siku zilipofungwa. Soma tena sentensi hiyo polepole.

Desemba 11 gavana naye akatoka na chati, kwamba katika kesi zilizofuatiliwa karibu asilimia 74 zilitokana na mikusanyiko ya majumbani, migahawa na baa ilikuwa 1.43. Halafu dakika hizohizo akatangaza kufunga kula ndani kwenye jiji la New York kuanzia Jumatatu ya tarehe 14. Wenye migahawa wakabaki midomo wazi, wakisema chati yako mwenyewe inatutetea. Majibu ya upande wa pili yalikuwa kwamba ni rahisi kumfuatilia mjomba aliyekuambukiza sebuleni kuliko mgeni wa meza ya jirani, na wagonjwa hospitalini walikuwa wanaongezeka, nafasi inaisha.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo ya Desemba 14, siku ileile nesi Sandra Lindsay alipochomwa chanjo kwenye hospitali kule Queens kamera zote zikimtazama, pale kona yetu picha ilikuwa imegeuka chini juu. Ndani ya mgahawa taa zimezimwa na viti vimepangwa ukutani. Mtoto mdogo wa yule dada alipita mbele yake na begi mgongoni, barakoa yenye picha ya dinosari, anaenda shule. Mkubwa alikuwa bado jikoni na laptopu yake, kamera imezimwa, maana sekondari hazikuhusika kwenye ule ufunguzi, wao walisubiri mpaka Machi 22 mwaka uliofuata.